Mstari Ambao Sikuusoma

Bawabu aliua mtu Jumanne, na Jumatano asubuhi tukaitwa kutafuta sababu. Tulikuwa wanne mbele ya mlango wa majaribio. Watatu hawakuijua sababu hiyo. Mimi nilikuwa nayo kwa siku kumi na mbili, nimeikalia kama kuku.

"Simu kapuni," alisema Bi. Remija Ngwila, kiongozi wetu, akituzungushia kapu la ukindu kama mzee wa kanisa anayekusanya sadaka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Matimbwa, acha kuchezea kengele. Tabu, sogeza kiti uone kizingiti chote. Koleta..." Aliniangalia kidogo. "Umekula?"

"Nimekula, dada."

Sikuwa nimekula tangu nilipopata habari jana yake. 

Mlango wa majaribio ulikuwa mlango kamili, pacha wa milango arobaini na miwili iliyokuwa mitaani. Nyuma yake palikuwa na chumba chenye baridi, na upande wetu hita mbili za ukutani ziliwashwa kuiga jua. Juu ya mlango palikuwa na kioo kidogo chenye namba mbili: walio ndani, na waliotoka. Bawabu mwenyewe hakuwa na umbo. Alikuwa programu tu, iliyokaa ndani ya fremu ya mlango, ikihesabu miili kwa joto lake na kwa jinsi vifua vinavyopanda na kushuka.

Wenyeji wa Mji Mpya wa Lumemo hawahitaji kuelezwa kwa nini tunamhitaji. Kuanzia Januari hadi Machi, saa sita mpaka saa tisa mchana, hewa ya bondeni inakuwa nzito kiasi kwamba jasho halikauki. Mwili hauna namna ya kujipoza, hata ukikaa kivulini, hata ukijimwagia maji. Mwanamume mwenye nguvu zake anaweza kumaliza saa nzima akiwa hai, kwa bahati. Kwa hiyo king'ora kinalia na watu wote wanaingia kwenye nyumba za baridi. Kila nyumba ina kipimo chake. Watu wakizidi, baridi inawafia wote waliomo. Lazima awepo wa kusimama mlangoni na kusema sasa basi, nendeni nyumba ya pili.

Mwaka jana aliyesimama alikuwa mtu. Kwenye nyumba namba tatu mtu huyo aliwaingiza shemeji zake na mafungu yao ya ndizi, akafunga mlango nyumba ikiwa nusu tupu. Watu kumi na mmoja walikufa kwenye ngazi, na mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana nilipoambiwa inatengenezwa programu isiyokuwa na shemeji, niliacha kazi ya benki nikaja kuomba nafasi hapa.

Bi. Remija akaketi. "Hatuna orodha leo," alisema. "Mashine imeshampima Bawabu mara elfu arobaini kwa orodha iliyonyooka, akapasi zote. Na jana ameua. Basi tunakwenda popote mlango utakapotupeleka, mpaka tulione. King'ora ni saa sita. Wilaya imesema milango itafanya kazi hivyo hivyo, maana hawana watu wa kuwaweka. Kwa hiyo ndugu zangu tunayo saa moja na nusu."

Hiyo ndiyo kazi yetu, na huwa inachekesha ukiiona kwa mara ya kwanza. Tunafanya ujinga wa kibinadamu mbele ya mlango. Tunaingia kinyumenyume. Tunaingia na godoro kichwani. Tunafika kizingitini, tunakumbuka hatukufunga bomba, tunageuka. Hakuna anayetuandikia tufanye nini. Jaribio moja linazaa jingine, na vichwa vinne vinawaza upuuzi mwingi kuliko kimoja. Kila robo saa kengele inalia tunabadilishana nafasi. Mmoja anakuwa Mdomo, anasema kijaribiwe nini. Mmoja ni Mkono, anafanya alichoambiwa bila kubisha. Mmoja ni Macho. Wa nne ni Kalamu, anaandika kila kinachotokea na hasemi neno, kwa sababu tuligundua zamani kwamba Kalamu akishaanza kusema, anaandika anayoyataka badala ya anayoyaona.

Tunaandika kwenye daftari la karatasi. Bi. Remija haamini kompyuta itunze siri za kompyuta. Mwisho wa kikao kila mmoja anasimama na kusoma kwa sauti mistari ya robo yake. Kikisomwa, kinakuwa chetu sote na lazima kifanyiwe kazi. Daftari likishafungwa kabatini hakuna anayelifungua tena, na hakuna anayemuuliza mwenzake kama amesoma yote. Kuuliza hivyo kwetu ni sawa na kumtukania mama yake.

*

Ijumaa ile, siku kumi na mbili nyuma, nilikuwa Kalamu wa robo ya mwisho. Bawabu alikuwa aanze kazi Jumatatu. Gaudensi, fundi aliyeiandika programu, alikuwa ameshaleta sufuria la pilau, limefunikwa kwa kitambaa kwenye meza ya pembeni, na harufu yake ilikuwa imetutoa akilini. Tulikuwa tumemtesa Bawabu asubuhi nzima bila kumpata na kosa. Tulikuwa na furaha. Mlango tulikuwa tumeuwekea jiwe usifunge, kwa kuwa kila ukifunga ulichukua dakika nzima kufunguka, na sisi tulikuwa na njaa.

"Matimbwa uko ndani tayari," alisema Bi. Remija, aliyekuwa Mdomo. "Tabu, hebu wewe njoo uanguke mlangoni."

Tabu Lyanga alikuwa Macho, lakini akaambiwa aanguke, akaanguka. Alianguka kwa madaha, mkono kifuani, khanga imepepea. "Nakufa jamani! Mwambieni baba Suzi asimwoe yule jirani!"

Matimbwa, pande la mtu lenye moyo wa mwigizaji, aligeuka, akatoa mguu mmoja nje ya kizingiti, akainama, akamkamata Tabu makwapani na kumvutia ndani huku akilia kilio cha mjane. Bi. Remija alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Gaudensi alikuwa anacheka. Mimi pia nilicheka, lakini Kalamu huangalia kioo.

Kioo kilisema: ndani mmoja, ametoka mmoja.

Wote wawili walikuwa ndani, ukiacha ule mguu. Mlango ukatikisika, ukataka kufunga, ukagonga jiwe. Matimbwa akarudisha mguu wake ndani na namba ikajirekebisha ikawa wawili. Yote hayo yalichukua labda sekunde sita. Niliandika: *Saa 5:52. M. yuko ndani, mguu mmoja nje, anamvuta T. Kioo: ndani 1, ametoka 1. Mlango umetaka kufunga. Jiwe.*

Kengele ikalia. Tukasimama kusoma. Nilikuwa na mistari minane, nikasoma saba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila mara huanza na jibu zuri. Nilimfikiria mama yangu mdogo. Mstari wa namna ile mara ya mwisho ulituchukua wiki mbili, na msimu ulikuwa unaingia. Wiki mbili bila Bawabu zilimaanisha shemeji na mafungu ya ndizi. Nilipima vifo vya hakika dhidi ya tetemeko la sekunde sita. Jibu hilo lina heshima yake na ningeweza kuzeeka nalo.

Lakini sikupima chochote. Nilifika kwenye mstari wa nane, Matimbwa akawa ameshafunua sufuria, Tabu anagawa sahani, Bi. Remija ananiangalia kwa ile furaha ya mtu aliyemaliza mzigo wa miezi saba, nami nikaona haya kuwa yule anayeharibu. Nikafunga daftari. Nikala pilau, tena nikaongeza.

*

Aliyekufa aliitwa Alfonsi Libenanga, fundi baiskeli wa nyumba namba kumi na tisa. King'ora kililia akaingia, akawa salama kabisa. Kisha akamwona mzee mmoja muuza mikeka ameanguka hatua moja kutoka mlangoni. Aligeuka, akatoa mguu, akainama, akamvuta. Bawabu aliona yule mzee ameingia, na kwamba Alfonsi ametoka kwa hiari yake. Mlango ukamsukuma nje.

Tulimfundisha Bawabu kwamba anayetoka kwa hiari baada ya king'ora harudi mpaka saa za moto ziishe, maana mwaka jana watu walikuwa wanaingia na kutoka kama sebuleni kwao na baridi inakwisha. Tulitoa pia kitasa cha ndani, ili mtu asiwafungulie ndugu zake. Yote mawili tuliyapigia makofi. Kwa hiyo waliokuwa ndani walimwona kupitia kioo cha mlango akigonga, na hawakuwa na kitu cha kushika.

*

Jumatano ile kura iliniangukia kuanza kama Macho, Tabu akiwa Mdomo. Aliwaigizisha wenzetu foleni ya watu wengi, akawarudisha nyuma, akajaribu mtu aliyelowa maji. Hamna kitu. Kengele ikalia, ikawa zamu yangu kuwa Mdomo.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na neno lote mdomoni. Ningesema, "Fungueni daftari la Ijumaa," na ingechukua nusu dakika.

Badala yake nilianza kuigiza. Unajua mtu akijifanya anatafuta kitu alichokificha mwenyewe? Anafunua hata chini ya chungu. Nikamwambia Matimbwa aingie akiwa amembeba Tabu mgongoni. Nikamwambia aingie akitambaa. Nikawaambia wagombane kizingitini. Nilikuwa napotea makusudi, na nilikuwa napotea vizuri, nikiacha kijia cha mawazo ambacho kesho mtu akikifuata ataona kila jaribio limezaliwa na lililotangulia. Ilipofika mwisho wa robo yangu nilikuwa sijakaribia, kwa kuwa niliogopa kukaribia haraka. Nikaomba niendelee.

"Endelea," alisema Bi. Remija. "Naona kuna kitu unakinusa."

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika tano. Watu mitaani walikuwa wameshaanza kukusanya watoto. Milango arobaini na miwili ilikuwa inawasubiri, kila mmoja na kosa lile lile ndani yake, nami nilikuwa nachagua njia ndefu ili nisionekane naijua fupi. Nikawafanyisha majaribio mengine manne. Nayasema haya kwa sababu hakuna anayejua. Kuhusu ile Ijumaa mtu anaweza kunisamehe. Hizi dakika ishirini na tano za Jumatano mimi mwenyewe sijazisamehe.

"Yule mzee," nilisema mwisho, nikikunja uso kama linanijia sasa hivi. "Muuza mikeka. Alikuwa ameanguka, si ndiyo? Tabu, anguka."

Tabu alilala chini bila madaha safari hii.

"Matimbwa, uko ndani. Geuka. Toa mguu mmoja tu. Mvute. Na toeni hilo jiwe."

Jiwe likatolewa. Matimbwa akavuta. Kioo kikabadilika na mlango ukaja, taratibu, kwa nguvu, ukamkuta begani, ukamsukuma yule pande la mtu nje kwenye hita kama mtoto. Ukafunga. Tabu alibaki ndani, tukamwona kupitia kioo cha mlango akipapasa mahali ambapo zamani palikuwa na kitasa.

Matimbwa alijipapasa bega. Kisha Bi. Remija akaanza kulia, akanikumbatia huku analia. "Una pua wewe," alisema kwenye sikio langu. "Mungu akupe nini mwanangu. Una pua."

Gaudensi aliitwa. Alisoma alichokiandika mwenyewe mwaka mzima uliopita, akapiga paji la uso. Programu ilikuwa inauangalia mguu uliovuka mstari na kuuhesabu kuwa mtu mzima. Akaandika iangalie kifua. Alibadilisha mistari mitatu, tukajaribu mara kumi, akaituma mitaani saa tano na dakika hamsini.

"Imechukua muda gani?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Dakika ishirini," alisema Gaudensi. "Kitu kidogo kabisa. Ndiyo kinachoniuma."

Mimi nilikuwa nimejiambia wiki mbili.

*

Tume iliundwa, kama kawaida. Wakaja watu watatu wenye vitambulisho shingoni, wakatuuliza kwa adabu, wakatuletea karatasi moja ya kusaini. Swali la sita lilikuwa: *Je, hitilafu hii, au dalili yake yoyote, iliwahi kuonekana kabla Bawabu hajaanza kazi?* Jibu lilikuwa limeshachapwa: *Hapana.* Bi. Remija alisaini kwa mkono ulionyooka, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Tabu akasaini. Matimbwa akasaini. Kalamu ikafika kwangu, nikasaini, na mwandiko wangu ulitoka mzuri kuliko wao wote.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nyumbani niliwaambia nina malaria. Kazini waliniambia nipumzike, nimejitoa sana, nikaona afadhali wangenitukana. Sifa zina namna yake ya kumchuna mtu. Wilaya ya jirani iliomba niende nikawafundishe jinsi ninavyofikiri.

Mara mbili nilikwenda kwenye lile kabati. Mara ya kwanza nilikwenda kuona kama mstari upo kweli, nikiomba Mungu nimeuota. Ulikuwepo. Mara ya pili nilikwenda na wembe. Nilikaa na daftari mapajani, wembe mkononi, na ukurasa ule ungetoka bila kuacha hata kovu. Nikaurudisha wembe mfukoni. Nisingependa mtu anisifie kwa hilo pia. Nilisikia Matimbwa anapiga mluzi koridoni, nikaogopa.

*

Alhamisi ya wiki ya sita, mjane wa Alfonsi alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya mtu anayelima, amejifunga khanga nyeusi kiunoni. Walimwita Mama Batista. Alisimama nje ya ule mlango wetu wa majaribio akakataa kuupita, ikabidi sisi tuliokuwa ndani kwenye baridi tutoke tumfuate ukumbini.

"Hodi kwenu, na poleni na kazi," alisema.

"Karibu, mama. Pole sana na msiba," alisema Bi. Remija, akimvutia kiti.

"Tumeshapoa. Sikuja kuwachosha, nina neno moja." Alikunja mikono mapajani. "Jumamosi ni arobaini ya baba Batista. Ukoo umekaa, umesema wale watu wanne waliolipata kosa siku ya pili tu, kabla halijaua wengine, waje. Tutawapa viti vya mbele. Mama mkwe wangu anataka awashike mikono. Anasema mtoto wake amekufa mara moja, basi, hakufa mara nyingi, na hiyo ni kazi yenu." Akatuangalia mmoja mmoja. "Yupi kati yenu ndiye aliyeliona?"

Matimbwa, masikini, aliniwekea mkono begani. "Huyu hapa, mama. Koleta."

Yule mwanamke akasimama, akanijia, akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto. "Ahsante, mdogo wangu," alisema. "Mungu akutunzie hayo macho."

Nilitaka kusema karibu.  Badala yake niliichomoa mikono yangu, na nadhani niliichomoa kwa ukali, kwa kuwa alirudi nyuma hatua moja. Nikaenda kabatini. Niliwasikia nyuma yangu wakiulizana nina nini. Nikalileta daftari, nikafungua ukurasa wa Ijumaa ile, nikausoma nimeegemea meza.

"Saa tano na dakika hamsini na mbili. Matimbwa yuko ndani, mguu mmoja nje, anamvuta Tabu. Kioo: ndani mmoja, ametoka mmoja. Mlango umetaka kufunga. Jiwe."

Bi. Remija ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona uso ukimbadilika, kuanzia machoni kwenda chini. "Ni la lini hilo?" aliuliza. Alikuwa anajua ni la lini. Neno pilau lilikuwa pembeni mwa mstari ule. Nilikuwa nimeliandika kwa utani.

"Ijumaa ile, dada. Kabla hatujamfungulia Bawabu. Niliandika, sikusoma."

"Koleta," alisema Tabu. "Tumesaini."

"Najua."

"Tumesaini *hapana*, Koleta! Mimi nina watoto!"

"Najua, Tabu. Nyinyi mlisema kweli. Nitakwenda kwenye tume nitasema ni mimi."

Matimbwa alitugeuzia mgongo. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha mbali, lile pande la mtu, akaangalia mguu wake wa kulia.

Mama Batista alikuwa bado amesimama. Alisubiri tumalize kusema baina yetu, kama mgeni anavyosubiri wenyeji wamalize ugomvi wao. Kisha akaniuliza taratibu, "Sijasoma mambo haya. Nieleze. Uliona mlango unafanya hivyo, kabla?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi kabla?"

"Kumi na moja."

"Na kulitengeneza, mlilitengeneza kwa muda gani?"

Nilimwangalia Gaudensi, aliyekuwa amefika mlangoni na kusimama. Hakunisaidia, na alifanya vyema. "Dakika ishirini," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu ya mbegu. "Yeye alikaa pale nje dakika arobaini na tano," alisema. "Waliokuwa ndani waliniambia. Aligonga nusu saa, kisha akakaa chini akaegemeza mgongo."

Nikaanza kusema naomba unisamehe. Alinyanyua mkono.

"Ngoja," alisema. "Unaniambia ili nifanye nini?"

Nilifunga daftari.

"Mimi nimekuja hapa nachukia mlango. Mlango sina ugomvi nao mkubwa, ni chuma. Nimeweza kulala. Sasa umenipa mtu, mwenye jina, na nitakutana nawe sokoni na kwenye foleni ya maji. Wewe umetua, mimi nimejitwika. Umefikiri hilo, wakati unakwenda kwenye hilo kabati?"

"Hapana, mama," nilisema, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimefikiria jinsi nitakavyopumua.

"Hukufikiri." Alijifunga upya khanga yake, akaikaza. Nilitazamia anitemee mate, na ningeona ni haki yangu. Nadhani nilitamani afanye hivyo na yaishe. Alimgeukia Bi. Remija akamshukuru kwa kiti ambacho hakukikalia vizuri. Kisha akanigeukia tena.

"Jumamosi mtakuja," alisema. "Wote wanne, kama ukoo ulivyosema. Sitakwenda kuwaambia mimi. Siwezi kuubeba mzigo huu mpaka nyumbani halafu nianze tena kuwatua wenzangu mmoja mmoja. Utakuja na hilo daftari, utasimama mbele za watu, utawasomea kama ulivyonisomea mimi."

"Nitakuja," nilisema.

"Saa nne, baada ya misa." Alitembea hatua mbili tatu, akasimama bila kugeuka.

"Mama yake hasikii vizuri," alisema. "Usome kwa sauti."